Matairi Yaliyotuzidi Kimo

Kabula mwanangu,

Barua za zamani zilianza kwa mwandishi kusema yeye ni mzima, wasiwasi wake uko kwa aliye mbali. Mimi siwezi kuanza hivyo, maana wewe bado hujawa mbali. Uko uani, hatua ishirini kutoka hapa nilipokaa, unagombana na zipu ya begi na kusema kwa sauti kwamba mimi ndiye niliyeiharibu. Ni kweli, ni mimi. Ukimaliza kusoma utaona kwamba katika makosa yangu zipu ndiyo ndogo kuliko yote.

Ni saa kumi jioni. Nimekaa kwenye kiti cha dereva cha ile pikapu ya nyuma ya nyumba, ambayo kuku wameirithi. Unadhani nimejificha huku nisikusaidie kufunga godoro. Hilo nalo ni kweli.

Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, kutolala na jiko la mkaa ndani, na wanaume wa machimbo wanaomtongoza msichana kwa kumwonyesha kokoto inayong'aa, shangazi yako amekuhubiria tangu Jumatatu. Sitaki kumnyang'anya kazi yake. Nina jambo moja tu, nalo ni la matairi.

Juma lililopita tulikuwa tunakula, ukaniambia umepata habari za huko Rwamgasa unakokwenda kuanza kazi. Ukasema, "Baba, mwenye gereji ni mzee mmoja, wanasema ndiye fundi bora ukanda wote wa Geita. Anatengeneza magari, anatengeneza mpaka karasha za kusagia mawe ya dhahabu. Halafu eti mkono wake wa kulia haunyooki, kazi zote anafanya kwa kushoto." Nikakohoa mpaka ukanipiga mgongoni. Nilikwambia nimepaliwa na mfupa. Mwanangu, tulikuwa tunakula mchicha.

Mzee huyo ni Chilongani. Ndiye yule yule. Yule uliyekua ukijua kwamba kazi yake mbovu ndiyo iliyomuua mama yako.

Kazi yake haikumuua mama yako. Kazi iliyomuua ni yangu. Nimeliweka hapa mwanzoni ili usisome kurasa zote ukingoja nijitetee. Kesho utashuka kwenye basi na kusimama mbele ya mlango wa mtu yule, na sitaki umtazame usoni ukiwa bado unatumia uongo wangu.

Pikapu hii unayoiona imekalishwa juu ya mawe ilikuwa gari la heshima. Ni ya four-wheel, nami niliinunua ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, na matairi ya kiasi, kama mtu aliyevaa viatu vinavyomtosha. Nilikuwa nabeba abiria na mizigo kutoka hapa Ibadakuli kwenda minada ya Kishapu. Kiangazi nilikuwa mfalme. Masika nilikuwa mtu wa kuhurumiwa, kwa sababu ule udongo mweusi wa mbuga unajua ulivyo: unanata kwenye tairi mpaka meno yake yote yanazibika, gari linabaki linazunguka mahali pamoja kama mwehu.

Siku moja nilizama njia ya Mhunze na abiria wangu wote. Nikavutwa na maksai wanne. Wakati maksai wananivuta, likapita gari la mtu mwingine, refu, matairi yake yananifika kifuani, likanirushia tope usoni, na abiria wangu wakalipigia makofi. Abiria wangu mwenyewe, Kabula! Mmoja akasema, "Baba Kabula, na wewe utakua lini?" Nilicheka nao. Lakini usiku ule niliota matairi.

Pesa ya kulibadili gari zima sikuwa nayo. Nikaenda Geita kwa mtu aliyekuwa anauza vyuma chakavu, nikapata matairi manne yaliyochakaa kiasi, makubwa, yenye meno kama ya kiboko. Nilimpigia mama yako simu nikamwambia nimepata bahati. Akaniuliza, "Bahati gani tena hiyo, na nani ameikataa kwanza?" Mama yako alikuwa na akili kunishinda, jambo ambalo halikuwa gumu.

Niliyapeleka kwa Chilongani. Gereji yake ilikuwa hapa hapa Ibadakuli, njia ya uwanja wa ndege. Yeye Mgogo, mimi Msukuma. Kwa hiyo tulikuwa watani kabla hata ya kujuana majina. Babu zetu waliopita Ugogo na mizigo kichwani walituachia ruhusa hiyo ya kutukanana bila kugombana, nasi tuliitumia kila siku. Mara ya kwanza nilipoingia kwake aliwaita wateja wote: "Njooni muone, Msukuma amevaa viatu! Ng'ombe wameuzwa nini?" Nikamjibu kwamba sikujua Mgogo naye hufanya kazi, nilidhani hukaa barabarani tu kunyoosha mkono. Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa rafiki niliyempenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Alipoyaona matairi akayazunguka mara mbili.

"Haya ni ya nani?"

"Ya kwangu."

"Na gari lake liko wapi?"

Halafu akakaa juu ya tairi moja, akaanza kunihesabia vidole. Springi ndefu zaidi. Shokapu ndefu. Mipira ya breki mirefu, maana gari likiinuka ile ya zamani haitatosha. Breki zenyewe kubwa. Gia za difu, la sivyo injini itavuta kama punda mgonjwa. Nikamwambia, "Nifanyie kila kitu, ila hivyo ulivyotaja."

Wewe umesoma chuo, utacheka, na mimi ningecheka. Siku hizi najua kwamba tairi kubwa hununuliwa mwisho kabisa, baada ya vitu vingine vyote kukaa tayari kulipokea. Mimi nilianza kwa tairi. Nilinunua kimo, sikununua breki.

Chilongani akafanya alichoweza kwa mtu bahili. Aliongeza bleidi moja, bamba la springi lililotoka kwenye lori bovu, gari likainuka. Akakata madigadi kwa grainda, tairi likapata pa kuzungukia. Lakini kukabaki tatizo moja. Usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi lilikuwa linaugusa mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele. Ubavu wa tairi unausugua, taratibu, kama mtu anayenoa kisu.

Dawa ya kweli ilikuwa mipira mingine na kuihamisha inapopita. Dawa ya masikini ilikuwa washa. Alichukua washa mbili nene, vile vipete vya chuma vinavyokaa chini ya kichwa cha bolti, akaweka moja kila upande kwenye bolti zinazozuia gurudumu lisikate kona kupita kiasi. Bolti ikarefuka kidogo, gurudumu likawa linagota kabla tairi halijaufikia mpira. Gari halikuweza tena kugeuka kwa ufupi, lakini mpira ukawa salama.

Akatoka chini ya gari, akajifuta mikono, akasema, "Sikiliza, we mla michembe, mla viazi vya kukausha. Mshale huu wa spidi sasa ni muongo. Tairi limekua, mshale haujui. Ukikuambia hamsini, jua umezidi. La pili: hizi washa ni za muda mpaka ulete mipira. Ukizitoa kabla, nunua na sanda kabisa. Mimi nitakuja msibani kucheka, usininyime hiyo kazi."

Nilicheka mpaka nikaegemea gari.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, mwanangu, na nimelizunguka miaka kumi kulitazama. Mtu yule alikuwa hajawahi kuniambia neno lolote bila tusi ndani yake. Akinikaribisha chai alinitukana, akinipa pole ya homa alinitukana. Kwa hiyo onyo lake nililiweka pamoja na matusi mengine yote, kwenye kapu la vichekesho. Laiti siku ile angeniita mzee. Laiti angesema, "Mzee wangu, tafadhali." Ningeshtuka. Ningejua kuna kifo.

Basi gari likasimama juu. Mama yako akawa anapanda kwa kigoda. "Umeninunulia gari au ghorofa?" akauliza, na wewe ulikuwa unapita chini yake bila kuinama sana, unakumbuka? Mvua zilipokuja nilipita mbuga yote nikipiga honi. Wenzangu walizama, mimi nikawarushia tope. Nilikuwa mbaya, Kabula. Niliyatafuta madimbwi.

Lakini mnadani kulikuwa na aibu. Uwanja una ng'ombe, una meza za nguo, una akina mama wa viazi, na gari langu lilikuwa halikati kona. Nilipotaka kugeuza ilinibidi niende mbele, nirudi, mbele, nirudi, mara tano, sita. Akina mama wa viazi wakaanza kunisubiri kila juma kama wanavyosubiri ngoma. "Baba Kabula, shuka ulishike pembe uligeuze!" "Ng'ombe wa jembe huyo, mpigie mluzi!" Ng'ombe wenyewe waligeuka kwa urahisi kuliko mimi.

Juma la tatu nilifika nyumbani, nikachukua spana, nikaingia chini ya gari mwenyewe. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Nikazitoa washa zote mbili, nikarudisha bolti, washa nikazitia mfuko wa shati. Mnada uliofuata niligeuza mara moja tu, vuu, kama mkia wa ndege. Akina mama wakapiga vigelegele. Sijui kama kuna siku nimejiona mwanaume zaidi ya siku ile. Vigelegele vya akina mama sita wa viazi.

Baadaye nikawa nasikia harufu ya mpira, hasa baada ya kona. Siku moja niliinama nikaona unga mweusi umejaa kwenye springi. Nikaufuta kwa kitambaa. Wewe utakuwa fundi, utakutana na wengi kama mimi: mtu asiyejua gari hudhurika kidogo, lakini mtu anayejua nusu huona dalili, akaifuta, gari likawa safi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana mweupe, tunatoka Mhunze, barabara imekauka. Mama yako alikuwa kiti hiki cha pembeni, ambacho sasa kuku wa madoadoa anatagia. Miguuni alikuwa na jogoo wa kumpelekea shangazi yako. Nyuma kulikuwa na abiria wachache na magunia. Tukawa tunateremkia korongo.

"Baba Kabula, unakimbia."

"Hamsini tu, mayu, mama yangu. Ona mwenyewe."

Akainama kuutazama mshale. Akaniamini. Neno la mwisho nililomwambia mama yako lilikuwa uongo niliosomewa na mshale, na nilikuwa nimeambiwa kwamba mshale ni muongo.

Korongoni kulikuwa na mbuzi wanavuka. Nikakata usukani, nikakanyaga breki. Kukawa na mlio mdogo kama mtu anapasua kitambaa, halafu pedali ikazama mpaka chini, laini, kama kukanyaga uji. Mpira wa mbele umekatika. Breki za nyuma zikabaki zenyewe na matairi yale mazito, kama kumshika fahali kwa mkia. Tulipinduka upande wa mama yako.

Abiria wa nyuma walirushwa mchangani, wakachubuka, wakainuka. Jogoo alipona bila hata unyoya kukatika. Nilimchukia yule jogoo mpaka tulipomchinja msibani. Mama yako alikuwa ananiuliza kama kigoda chake kimevunjika. Akauliza mara mbili. Kabla hatujafika hospitali akaacha kuuliza.

Kwenye benchi la hospitali, mjomba wako Masunga, kaka yake mama yako, akanishika ukosi. Unamjua alivyo mkubwa. Akasema, "Shemeji, gari lilikuwa na nini?"

Nilikuwa na jibu mfukoni. Sisemi kwa mafumbo. Shati lilikuwa lile lile, na washa zilikuwa zinanigonga kifuani kila nilipopumua. Nikasema, "Ni kazi ya yule Mgogo."

Ni maneno matano. Sikupanga hata moja. Yalitoka kama mate.

Kesho yake gari lilivutwa likaletwa hapa. Chilongani alikuja kabla ya mazishi, peke yake, hakuniamkia. Akalala chini ya gari muda mrefu. Alipotoka akasimama, akanitazama. Aliona bolti hazina washa. Nikamsubiri anitukane. Mtu ambaye hajawahi kuninyima tusi, siku ile alifunga mdomo akaondoka. Nami, ona nilivyokuwa, nikashukuru.

Unajua kazi ya mtani msibani. Yeye ndiye anayeruhusiwa kumwigiza marehemu, kudai nguo zake, kulala kaburini aseme halitoshi, watu wacheke katikati ya kulia ili wasipasuke. Ni kazi nzito na haina shukrani. Siku ya pili ya matanga Chilongani akaja kuifanya. Nadhani alifikiri: ajali ni ajali, lakini utani ni deni la mababu, lazima niende. Akaingia amejifunga khanga, ameshika kigoda. Akakiweka chini, akapanda juu yake akiwa ameshika kiuno kama mama yako alivyokuwa anashika, akasema kwa sauti yake ile ile, "Baba Kabula, umeninunulia gari au ghorofa?"

Watu wakacheka. Walicheka kweli, shangazi yako alicheka huku anafuta machozi. Na mimi, nakuapia, kilinitoka kicheko.

Masunga hakucheka. Alisema, "Umeua, na bado unakuja kuigiza?" Akampiga ngumi ya kwanza. Vijana wa ukoo wakaingia. Kigoda kilivunjikia pale. Wakamshika mkono wa kulia, wakaulaza kwenye ukingo wa kinu, na Masunga akasema, "Huu ndio uliotengeneza lile gari?"

Chilongani hakumjibu yeye. Aligeuza uso akanitafuta mimi. Mtu ana mdomo mpana kama ule, angesema neno moja tu: "Muulizeni." Hakusema. Alikuwa ananipa nafasi nilitamke mimi. Nilikuwa mbali naye kama nilivyo mbali na huyu kuku sasa. Niliangalia viatu vyangu. Nilikuwa nimevaa viatu, Kabula, Msukuma aliyevaa viatu, nikaviangalia mpaka niliposikia mfupa.

Ndiyo maana mkono wa fundi wako haunyooki.

Sasa linakuja la kwako, na nakuomba ulisome taratibu. Ulikuwa na miaka kumi. Chilongani alirudi gerejini kwake na mkono umefungwa, akajaribu kufanya kazi. Wewe na wenzako mkitoka shule mlikuwa mnasimama mlangoni kwake mnaimba "Muuaji, muuaji." Siku moja ukaingia ukamwaga mchanga kwenye tangi la gari la mteja. Injini ikaharibika, mteja akamvunjia heshima mbele ya watu, na baada ya hapo hakuna aliyempelekea hata baiskeli. Ulikuja nyumbani unakimbia, unanihadithia, macho yanang'aa. Ukasema, "Baba, nimemlipizia mama."

Nikakununulia soda.

Wewe huna hatia. Mtoto humwaga mchanga pale alipoonyeshwa na mkubwa. Lakini ile soda, mwanangu. Nilikaa nikakutazama unaimaliza. Ukaniachia kidogo chini ya chupa, nikainywa.

Mwezi ule ule akafunga gereji, akahama bila kusema aendako; sasa ndiyo najua alikwenda Rwamgasa kwa wachimbaji. Watu wa hapa walisema ni dhamira imemfukuza. Nami niliitikia kwa kichwa. Sijawahi kuendesha gari tena, nauza mbegu za pamba na dawa za mifugo, na watu wanasema, "Maskini Baba Kabula, alimpenda mkewe, tangu ajali ile hagusi usukani." Hata huruma niliichukua.

Ulipochagua kusoma ufundi wa magari, majirani walikuuliza kwa nini, ukajibu, "Ili asife tena mtu kwa fundi mbovu." Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nikasema, "Vizuri." Tazama jinsi neno zuri linavyoweza kuwa la kikatili likitoka kwenye mdomo kama wangu.

Nilipoacha kukohoa ule mchicha, nilitafuta namba yake. Ilinichukua siku tatu kuipata na siku mbili kuibonyeza. Nyuma yake nilisikia karasha zinasaga mawe.

"Ni mimi," nikasema. "Baba Kabula, wa Ibadakuli."

Karasha zikasaga, zikasaga. Nikafumba macho, nikangoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi lolote. Nilikuwa nalitamani, kusema kweli, kama mtu anavyotamani mvua Kishapu.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Kabula, mtu yule ananizidi miaka miwili. Na mimi, kwa ujinga wangu, mdomo ukajibu wenyewe: "Marahaba."

"Nikusaidie nini, mzee wangu?"

Sauti ilikuwa safi, ya adabu, ya kumhudumia mteja. Nilikwambia kwamba laiti siku ile ya washa angeniita mzee ningejua kuna kifo. Basi sasa aliniita. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Nikasema tu, mwanangu anakuja kuanza kazi kwako. Akasema, "Tunajua. Jina lake tuliliona. Vijana wote tunawapokea vizuri. Asante kwa kupiga, mzee." Akakata.

Aliliona jina lako, Kabula. Alijua wewe ni nani kabla yangu mimi kujua yeye ni nani. Akakukubali.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mjomba wako Masunga. Nilimkuta anamenya karanga. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kiti, nadhani aliona usoni. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo mimi nilimvunja mkono mtu wa bure."

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ulikuwa umesimama pale."

Nikasema ndiyo.

Akaendelea kumenya karanga moja, mbili, tatu. Halafu akasema, "Toka." Hakupandisha sauti. Nikatoka. Nilisahau kofia yangu, na sidhani kama nitaifuata. Usiache kwenda kumuaga kesho kabla ya basi. Ukimkuta hazungumzi, usidhani ni hasira na wewe.

Ndani ya bahasha hii utakuta kitu kizito kimefungwa kwenye kitambaa. Ni zile washa. Nimekaa nazo miaka kumi kwenye kopo la misumari, nikitafuta msumari nakutana nazo. Wewe ni fundi, huhitaji maelezo. Sikutumi uzipeleke. Nimeshawatuma wengine vya kutosha kubeba vitu vyangu. Ukitaka kumpa, mpe. Ukitaka kunitupia mimi usoni kabla ya kupanda basi, nitakuwa pale kituoni, nimesimama wazi, si mbali. Ukitaka kutokwenda kabisa, begi zipu yake imeharibika, ni sababu ya kutosha, nitakuunga mkono.

Ila ukienda, mwamkie kwa heshima zote. Yeye ni mzee wako. Akikuitikia kwa adabu, akikuita binti na kukuonyesha pa kuweka vitu, basi weka, ushike spana, ufanye kazi. Usimwombee baba yako chochote. Adabu ile ni haki yake.

Lakini wewe nawe ni Msukuma, na yeye ni Mgogo, na mimi sijui mtani akifa moyoni kama hufa na watoto wake. Huenda siku moja, mwezi wa pili, mwezi wa sita, umelala chini ya gari, umekosea kitu, atakuinamia aseme, we mla michembe, aliyekufundisha kufunga bolti ni yule baba yako mwenye kichwa kama kibuyu? Siku hiyo usikasirike. Cheka, umjibu kwa nguvu, ana haki ya kujibiwa. Halafu nipigie simu, hata kama niko dukani na wateja, uniambie alisema nini, neno kwa neno, usipunguze hata moja kwa kunihurumia.

Nakusikia umeifunga zipu. Nakuja kubeba godoro.

Baba yako, ambaye miaka kumi sasa hajatukanwa na mtu anayempenda.